Sinia la Joka Laenda Ukweni

Jumatatu, 7 Agosti 1967

Siku kubwa! Karani wa baraza la wilaya amepita sokoni hapa Migori akitokea Homa Bay. Baraza linafungua chumba cha vitu vya kale. Linatafuta mkusanyo mmoja wa maana, wenye historia yake, na mwenye mkusanyo ndiye atakayefanywa mtunzaji. Ofisi. Ufunguo. Kiti chenye mikono!

Kiti hicho ni changu. Nimeachishwa ualimu katika shule nne, zote kwa kosa la kusema ukweli kwa sauti kubwa. Tangu hapo naishi kwa ndizi anazouza mke wangu, Jedidah. Hanisimangi. Hunitazama tu nikila.

Kutoka Muhuru Bay hadi Kegonga, ni nani mwingine mwenye vyombo vya Uchina? Hakuna! Mimi ninavyo tisa. Sahani sita, mabakuli mawili, na sinia kubwa lenye joka la buluu linalofukuza mkia wake. Marehemu baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa mgodini Macalder. Mzungu alipofungasha kurudi kwao aliona vyombo ni vizito, akamwachia baba. Hiyo ndiyo historia yake. Ni fupi mno. Haifai hata kidogo.

Mshindani ni mmoja: Elijah Onyancha, mwenye duka la misumari na mabati, mzee wa kanisa letu la Sabato, mtu ambaye hajasoma kitabu tangu Biblia ianze kuuzwa na picha. Ameandikisha jembe la kukokotwa na ng'ombe, eti la kwanza kufika Nyanza Kusini. Lina kutu. Tangu lini kutu ikawa historia?

Nimejiandikisha papo hapo. Mtaalamu wa vyombo atapita kwangu Jumapili ya tarehe 20.

Jumatano, 9 Agosti

Historia ya mkusanyo imekamilika. Kurasa kumi na moja bila kuinua kichwa!

Kwa ufupi: vitabu vinakiri kwamba Wachina walifika pwani zamani sana. Hapo waandishi wanakomea, wavivu, wakaenda kunywa chai. Mimi nauliza: mtu aliyevuka bahari nzima atashindwa na kipande cha nchi kavu? Nahodha wa Kichina alitembea hadi ziwani. Akapanda mtumbwi. Akashuka Muhuru, akafuata mto Kuja, akamkuta babu wa babu yangu amekaa mlangoni. Wakabadilishana: vyombo tisa kwa nundu ya fahali.

Nimemsomea Jedidah. Akauliza babu huyo alikuwa anafanya nini mtoni, maana ukoo wetu wakati huo ulikuwa juu kabisa milimani Kisii. Nikamwambia Mchina alipanda mlima. Akauliza alipanda na sinia kichwani? Nikamwambia historia si mambo ya jikoni. Akasema basi niache kuandika juu ya sahani.

Kwa hasira nikafungua kabati nimwonyeshe ushahidi.

Bakuli moja! Moja!

Nikapiga kelele hadi kuku wakatoka uani. Jedidah hakushtuka. Alieleza kama anayemweleza mtoto: sahani moja ilipeleka maharage kwa mama aliyejifungua. Nyingine ilipeleka ndizi kwa walezi wa kanisa. Sinia lilikwenda msibani. Na zile nyingine ziko tu, zinazunguka. Miaka yote zimekuwa zikizunguka. Nilidhani chakula cha watu kilikuwa kinaingia nyumbani humu kwa miguu yake?

Nikamwambia azidai. Akaniangalia kama nimevua suruali. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mwenye chombo hakidai. Kukidai ni kumwambia mtu kwamba ana njaa, tena kwamba ni mwizi. Akasema nikitaka kuharibu jina, niharibu langu, ambalo halijabaki kubwa.

Jioni nimeandika barua kwa mhariri wa gazeti juu ya mila zinazorudisha taifa nyuma. Ni barua ya thelathini hivi. Hajachapa hata moja. Mwoga.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimeanza na jirani yetu Filister, mke wa mvuvi, anayeuza samaki kando ya barabara. Nilikwenda kwa hila, nikasema nimepita kumjulia hali. Sahani yangu nilikuwa naiona! Wameianikia omena, dagaa wa ziwani!

Filister akaipokea salamu kwa mikono miwili. Akasema, yawa, Japuonj, yaani Mwalimu, leo jua limetokea upande gani hata umekumbuka majirani? Halafu, bila kuulizwa, akasema anaona aibu na sahani ya mama Mellen, yaani Jedidah wangu, ila nyavu za mume wake zimechanika, na hawezi kuirudisha ikiwa na upepo.

Akili yangu ikawaka. Tatizo ni utupu. Basi nitautibu utupu! Nikaenda sokoni, nikanunua kikapu cha viazi vitamu, nikamletea kama zawadi. Filister akanishika mkono, machozi machoni. Akasema watu wanasema mimi ni mgomvi, kumbe wanasema uongo, au wanasema nusu tu.

Nimerudi nyumbani kusubiri sahani yangu ije na viazi vyangu. Mpango safi kabisa.

Jumapili, 13 Agosti

Sahani haikuja. Filister amechemsha viazi vyangu, akavipanga kwenye sahani yangu, akampelekea Nchagwa, Mkuria mwenye mashine ya kusaga, kwa sababu Nchagwa aliwahi kumsagia bila foleni.

Nikamfuata Nchagwa. Amejaa unga hadi kwenye kope. Akapaza sauti juu ya mashine kwamba viazi vilikuwa vitamu sana, nimshukuru Filister. Nikamuuliza kwa ujanja anatumia vyombo gani siku hizi. Akasema vyovyote vinavyokuja. Kile chenye maua? Alikitia unga wa wimbi, kikaenda kwa mzee Onyancha, mkewe alikuwa na homa.

Onyancha! Na kabla sijapata pumzi Nchagwa akaongeza kwamba alikuta huko sinia moja kubwa, buluu, lenye nyoka anayejitafuta. Wanaanikia karanga.

Joka langu! Chini ya karanga za Onyancha!

Nimegundua jambo: nikipeleka chakula, chombo kinakwenda mbali zaidi. Ni sheria ya maumbile. Itabidi niiandikie makala.

Jumanne, 15 Agosti

Nimepata! Nimepata nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata, sijali.

Mila iliyonifunga ndiyo itakayonifungua. Nyumba ikitarajia wakwe, wanawake wote wa mtaa huleta vyombo. Kila kilichoazimwa hurudi, kikiwa kimejaa, siku ya wakwe au kabla yake. Hakuna anayedai. Hakuna anayeaibika. Na mimi nina binti! Mellen, miaka ishirini na mbili, mwalimu wa chekechea, hana mchumba ninayemjua.

Basi nimemwambia Filister, kwa siri kubwa, kwamba Jumapili watu fulani wa heshima wanakuja kumposa Mellen. Sikutaja jina. Nikamsihi asimwambie mtu yeyote. Akaapa, akaacha samaki wake kwa nzi, akaenda.

Sijamwambia Jedidah wala Mellen. Mambo ya kitaalamu hayana haja ya kuwasumbua.

Alhamisi, 17 Agosti

Ushindi! Tangu jana mlango haufungwi. Sahani ya walezi wa kanisa imekuja na mayai. Ya mama aliyejifungua imekuja na maziwa lala. Filister katuma mtu alete sufuria, yeye mwenyewe kaleta neno kwamba ngege, wale samaki wanene wa ziwani, atawaleta asubuhi ya siku yenyewe, wakiwa bado wanarusha mikia. Vyombo saba viko kabatini! Bado sahani yenye maua na sinia, vyote kwa Onyancha.

Jedidah kapokea kila kitu kwa uso mgumu. Mwisho akaniuliza ni wakwe gani hao. Nilikuwa natafuta jibu lenye heshima Mellen alipoingia, akanipigia magoti, akalia. Akauliza nilijuaje.

Nilijuaje nini?

Kumbe ana mchumba. Mwaka wa pili sasa! Ni Mochama, kijana anayetengeneza redio. Mochama Onyancha. Mtoto wa Onyancha! Walikuwa wanaogopa kusema kwa sababu baba zao tumezozana tangu ule mkutano wa kanisa wa kuchagua rangi ya mlango. Sasa Onyancha amesikia sokoni kwamba kuna watu wanakuja kumposa Mellen, mwanawe kakonda kwa siku moja, na mzee ameamua kuwawahi hao watu wasiokuwepo. Jumapili anakuja yeye. Na wazee wake.

Jumapili! Siku ya mtaalamu!

Jedidah kanivuta kando. Akasema nikimharibia mtoto huyu, nitakwenda kuishi na Mchina wangu. Onyancha ni mtu wa majivuno. Akidharauliwa kidogo atanyanyuka, na akinyanyuka harudi. Akataka niape kwamba nitafunga mdomo.

Nikafikiri sana. Ni adui yangu. Lakini hawezi kuja posa mikono mitupu. Na mkewe ana chombo gani kikubwa cha kubebea zaidi ya sinia langu?

Nimekubali. Kwa ajili ya mtoto.

Jumamosi, 19 Agosti

Sabato. Hakuna kazi, hakuna kupika. Kanisani Onyancha aliongoza somo la upatanisho huku akinitazama. Niliimba kwa nguvu kumfunika.

Jumapili, 20 Agosti

Naandika mkono ukinuka samaki.

Saa nne wakafika: Onyancha na kofia, wazee wawili, Mochama aliyetetemeka kama redio zake, na nyuma yao mkewe, na juu ya kichwa chake, likimeta, sinia! Limejaa ndizi mbivu. Na mkononi sahani yenye maua, yenye karanga. Tisa! Mara ya kwanza vyote tisa chini ya bati moja tangu baba afariki. Nilitokwa na machozi. Onyancha akadhani ni kwa ajili yake, akanikumbatia.

Sijakaa, mtaalamu naye akabisha hodi. Bwana Athmani, mtu wa pwani, kanzu nyeupe, maneno laini kama halua. Akaomba radhi kuingilia shughuli, alitaka tu kutazama vyombo, hasa chini yake. Alama ya mfinyanzi, akasema, huwa chini ya chombo. Akiiona, atajua umri.

Lakini vyombo vilikuwa tayari vimejaa chakula! Jedidah alikuwa amehamisha ndizi na karanga, akavipakulia vyote upya, na sinia likawekwa mbele ya Onyancha na mgeni, ngege wakiogelea kwenye mchuzi. Nikamwambia Bwana Athmani ale kwanza, akimaliza ataona.

Nilisahau kwamba kwetu mgeni hamalizi. Mbele ya wakwe sahani ikionekana chini, nyumba imekufa kwa aibu. Filister alisimama nyuma yake na upawa. Bwana Athmani akila, Filister anaongeza. Akasema kwa adabu ya kipwani kwamba alhamdulillahi, ametosheka. Filister akasema mgeni ana haya, akaongeza mbili. Maskini yule mtu alianza kutoka jasho. Kila akikaribia kuona ua la sahani, linazama.

Ili kupitisha muda nikasimama nikawasomea wote historia ya mkusanyo. Kurasa zote kumi na moja! Nahodha, mtumbwi, mto Kuja, nundu. Onyancha alisikiliza mdomo wazi. Wazee wake walisinzia, lakini kwa heshima. Mellen alikuwa akinitazama kutoka mlango wa jikoni kama mtu anayetazama mtoto karibu na kisima.

Saa nane sasa. Bwana Athmani akanong'ona kwamba lazima aondoke, gari la Homa Bay halingoji. Aondoke! Bila kuona alama! Kiti changu kilikuwa kinaondoka na kanzu yake.

Sikufikiri. Nililikamata sinia kwa mikono miwili, nikaliinua juu ya kichwa, nikaangalia chini yake, kama vile mtu anavyotafuta tundu kwenye sufuria.

Lilikuwa limejaa.

Mchuzi wote ulikwenda kwa Onyancha. Kofia, ndevu, koti la Sabato. Ngege mmoja alitua begani kwake akimwangalia sikioni.

Mochama alishika kichwa. Mellen alifunika uso kwa aproni. Mimi, niliyejibu wakaguzi wa shule na wachungaji, nilisimama na joka juu ya kichwa na nikaona binti yangu anazeeka nyumbani kwangu, akinitazama nikila.

Onyancha akamchukua yule samaki begani. Akamtazama. Akamng'ata. Akatafuna taratibu. Akauliza nani kapika.

Filister akasema Mellen.

Onyancha akajipangusa jicho moja. Akasema Haruni alipakwa mafuta yakashuka ndevuni, akawa kuhani. Yeye amepakwa mchuzi wa ngege, na hajui atakuwa nani, lakini mtu aliyekwisha kupakwa harudi nyuma. Tuzungumze ng'ombe! Nyumba nzima ikaangua kicheko. Wazee wakaamka wakacheka pia, bila kujua kwa nini. Mochama alimkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta, akawa Nchagwa, aliyekuwa amekuja na majirani.

Katika kelele hizo Bwana Athmani alikuwa amechuchumaa chini ya sinia, miwani puani. Akasema ni la Uchina kweli. Uchina kweli, nikapaza sauti, mmesikia! Akasema ila ni la dukani, halijamzidi yeye umri. Sehemu hiyo sikuona haja ya kuipazia sauti. Akasema kilichomstaajabisha ni kwamba vyombo tisa vimepita jikoni za watu wote hawa na hakuna kilichovunjika. Ataliambia baraza hivyo. Mahali vitakapokuwa vyote tisa pamoja, baraza likavichukue hapo, na mwenye nyumba awe mtunzaji.

Mwenye nyumba! Nilimsindikiza hadi barabarani nikipunga mkono.

Niliporudi uani nilikuta pikapu ya Onyancha imepakiwa. Chakula kilibaki kingi, na wakwe waliobaki nyumbani lazima waonje. Jedidah alikuwa amekifunga kwenye vyombo. Vyote tisa! Sinia juu kabisa, limefunikwa kwa kitambaa. Nilimnong'oneza atumie majani ya mgomba. Akasema wakwe hawafungiwi chakula kwenye majani kama abiria.

Sikuweza kudai. Mellen alikuwa amesimama pale, akicheka na mama mkwe wake, na sijamwona akicheka hivyo tangu akiwa na meno ya utoto. Nilifunga mdomo. Iliniuma kuliko shule zote nne.

Pikapu ikaondoka.

Jumatano, 23 Agosti

Baraza lilituma lori jana. Vyombo tisa vilikutwa pamoja, vimeoshwa, vimepangwa, kwa Elijah Onyancha.

Ndiye mtunzaji! Duka kamwachia mkewe. Nilikwenda Homa Bay leo kwa basi la asubuhi kuona kwa macho yangu. Amekaa kwenye kiti chenye mikono. Ufunguo shingoni. Wageni wamesimama, naye anawaeleza kwamba nahodha wa Kichina alipanda mtumbwi, akashuka Muhuru, akafuata mto Kuja. Neno kwa neno, historia yangu! Ila babu aliyekuwa amekaa mlangoni sasa ni wa kwake, na nundu za fahali zimekuwa mbili.

Nilitaka kupasua kioo kwa hoja. Akaniona, akasimama, akawatangazia watu wote: huyu ndiye mkwe wangu, mtu msomi! Akaniletea soda. Nikanywa. Ilikuwa baridi, shetani mkubwa.

Anasema harusi ni Desemba, na baraza limekubali vyombo vitoke chumbani kwa sherehe za kifamilia za mtunzaji tu. Kwa sherehe tu!

Ijumaa, 25 Agosti

Desemba ni mbali. Lakini akili haijazeeka.

Mkwe akizidiwa, wakwe hawawezi kuja mikono mitupu. Basi tangu jana mchana ninaumwa. Moyo. Nimemwambia Filister, kwa siri kubwa.

Matokeo yamepita matarajio! Kwaya imekuja kuimba nyimbo za polepole. Fundi seremala amepita kunijulia hali, akakaa akinitazama urefu. Na leo Onyancha amekuja mwenyewe mbio kutoka Homa Bay, akanishika mkono, akasema hawezi kukubali baba wa bibi harusi afe bila kuona harusi. Haitakuwa Desemba tena. Itakuwa Jumapili hii, hapa hapa, mbele ya kitanda changu. Na kwa kuwa ni sherehe ya kifamilia ya mtunzaji, vyombo vitakuja. Vyote tisa!

Nimekubali kwa sauti dhaifu. Nitapona Jumapili saa sita kamili, nitasimama, nitafungia kabatini, na kabati tayari nimelinunulia kufuli.

Jedidah ameketi kando ya kitanda, anamenya ndizi yake mwenyewe. Ameuliza kama ninajua bibi harusi huondoka kwao akiwa amebebeshwa vyombo gani, na kutoka kabati la nani.

Nimefumba macho nikakoroma. Mgonjwa ana haki zake.